Magoti ya Orrin Haugland

Orrin Haugland hakai. Hata chakula hukila akiwa amesimama kando ya dirisha la jikoni, sahani mkononi, macho yakiwa mtoni. Mkewe, Verna, aliacha zamani kumwekea kiti. Katika miaka yote aliyoendesha greda la kuondoa theluji kwenye barabara ya mlimani, kutotulia huko kulikuwa na kazi ya kufanya: theluji ilianguka, naye akaisukuma, ikaanguka tena, akaisukuma tena. Alipostaafu, theluji haikustaafu naye. Greda lilipewa mtu mwingine, na Orrin akabaki na Mto Tamarack, ufito wake wa kuvulia, na majira ya baridi ambayo huku kwetu Montana hayana haraka ya kwenda popote.

Wakati wa kiangazi, uvuvi wa samaki aitwaye trauti humfaa mtu wa namna yake. Mvuvi huanzia darajani akapanda na mto, kidimbwi hadi kidimbwi, akirusha nzi wake wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na uzi, mpaka jua lizame. Baridi haitoi ruhusa hiyo. Samaki hushuka kwenye vina ambako maji hayana mbio, wakalala humo, wala hawasogei hata upana wa kiganja kufuata chakula. Ni lazima nzi awapitie mdomoni. Basi mvuvi huchagua kidimbwi kimoja, hupiga magoti kwenye theluji ya ukingoni ili samaki wasimwone, na hurusha palepale adhuhuri nzima, akipumzika tu kuvunja barafu inayoziba pete za ufito. Orrin alinieleza kwamba kazi hiyo ilimfanya ajihisi kama mbwa aliyefungwa mnyororo mbele ya bucha. Ndiyo maana alipenda kuingia majini. Aliyemo majini anaweza kusogea.

Majira ya baridi yaliyotangulia kisa hiki, kuingia huko nusura kumuue. Barafu ya ukingoni ilimkatikia, maji yakajaa ndani ya suruali yake ya mpira, ile ifikayo kifuani, na rafiki yake Leland Stoops akamvuta kwa mikanda ya mabegani kama gunia. Homa ya mapafu ilimlaza mpaka barafu ikayeyuka. Baridi iliporudi, Verna alimwita jikoni na kuzungumza naye bila kupandisha sauti.

“Ukingoni, vua utakavyo. Siku utakayoingia majini na barafu ingalipo, nafunga sanduku nakwenda Arizona kwa Joyce. Mimi sisubiri tena simu ya Leland.”

“Kwa dada yako? Kule hata mito yenyewe haina maji!”

“Ndio uzuri wake.”

Orrin akaahidi. Tangu hapo, kila aliporudi, Verna alimtazama mlangoni kabla hajamsalimu. Hakuhitaji kuuliza neno. Hata avuaye ukingoni huvaa ile suruali ya mpira, kwa sababu ya theluji. Na aliyeingia majini hurudi nayo imeganda, na akiivua husimama yenyewe kibarazani kama mtu asiye na kichwa. Aliyekaa ukingoni hurudi mkavu mwili mzima isipokuwa magotini, ambako theluji imeyeyuka na kuganda tena ikawa gamba jeupe. Verna alipoyaona magoti meupe, alimimina kahawa.

Mwezi wa Januari ulikuwa mrefu. Barafu ilitanda kutoka kingo zote mbili ikaacha mfereji mwembamba katikati, usiofikika kwa ufito wowote. Orrin alizunguka nyumbani kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Alifungua mlango akanusa hewa, akaufunga, akafungua tena.

“Orrin, ama toka ama ingia,” Verna alisema. “Tunawapashia joto paa wa mlima mzima.”

Hatimaye ukashuka kutoka milimani ule upepo wa vuguvugu ambao huku hungojwa kama mgeni mwenye zawadi. Barafu ilirudi nyuma, na Leland akaja na pikapu yake. Walikwenda kwenye kidimbwi kilicho chini ya daraja la zamani la reli. Wakapiga magoti.

“Leo utatulia?” Leland aliuliza.

“Nimetulia.”

“Umetulia! Theluji iliyo chini yako imekuwa uji kwa jinsi unavyojipepeta.”

Orrin alikuwa akitafuta jibu pale mshipi uliposita. Aliinua ufito, na kitu kizito kikainuka nao, kikakata maji kuelekea chini, kikaingia moja kwa moja chini ya ukingo wa barafu uliosalia. Mshipi ukaanza kusuguana na barafu kwa sauti nyembamba.

“Kata!” Leland alisema.

“Nikate? Aburute mshipi mdomoni mpaka lini?”

“Kata, mzee. Mfikirie Verna.”

Lakini Orrin alikwisha kuingia. Maji yalimfika mapajani. Alishusha ufito chini ya barafu, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na trauti akatoka naye, wa kahawia, mpana, mdomo wa chini umepinda kwa uzee. Hakumtoa hewani, maana katika baridi ile mashavu ya samaki huganda upesi. Alimchomoa ndoana akiwa majini, akamwacha aende. Kisha akatoka na kutazama miguu yake. Kabla hawajafika kwenye pikapu, suruali ilikuwa ikigonga kama bati.

“Sikiliza inavyolia,” Leland alisema. “Itatangulia kufika nyumbani ikakusemee.”

“Twende kwako. Washa jiko.”

“Mimi nimekutoa majini mara moja, bwana. Kwa Verna utajitoa mwenyewe.”

Hata hivyo aliwasha jiko. Walining’iniza suruali juu yake, wakaigeuza upande huu na huu kama nyama, Orrin akizunguka chumba na soksi zake tupu. Ilipokauka kabisa aliivaa, akaikagua, akaridhika.

Verna alikuwa akimenya viazi. Alimtazama mlangoni, akaacha kisu.

“Mmevua wapi?”

“Chini ya daraja la reli.”

“Ukingoni?”

“Ukingoni. Nimepiga magoti mpaka yanauma.”

Verna alimkaribia, akainama, akamgusa magoti kwa mgongo wa mkono.

“Umeyapiga kwenye theluji adhuhuri nzima,” alisema, “na yana joto kama mkate.”

Orrin akarudi nyuma hatua moja.

“Jiko la nani?”

“La Leland.”

Verna alirudi kwenye viazi akavimaliza vyote. Asubuhi alifunga sanduku. Orrin ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, theluji ikianguka, kila mmoja akitazama upande wake wa kioo.

Sasa hapakuwa na wa kumkataza. Angeweza kuingia mtoni mpaka shingoni. Alikwenda chini ya daraja, akasimama, akatembea juu, akatembea chini, kisha akapiga magoti. Aliporudi nyumbani alisimama mlangoni, magoti meupe, kama anayengoja kutazamwa. Gamba likayeyuka sakafuni. Akapangusa, akapiga simu Arizona.

“Magoti yana barafu,” alisema.

“Na shahidi wako nani?”

“Hayupo.”

“Kumbe hujui kilichoniondoa. Ungesimama hapo suruali imeganda ukasema, ‘Verna, nimeingia,’ ningekutukana juma zima na ningebaki. Lakini ninyi mmekaa, wazee wawili wazima, mkanikaushia uongo jikoni.”

Orrin alizunguka na simu mpaka waya ukamfunga kiuno.

Siku zilipita hivyo, mto na sakafu, sakafu na mto. Kisha, palepale chini ya daraja, samaki mwingine alikimbilia chini ya barafu. Leland alikuwepo, na mara hii hakusema neno. Orrin aliinuka, akapiga hatua mpaka maji yakagusa ncha za viatu, akarudi, akaenda tena. Ndipo akatoa kisu akakata mshipi, akaketi kwenye theluji. Leland anaapa kwamba hajawahi kumwona ameketi namna ile.

“Nimemkata,” alimwambia Verna kwenye simu.

“Alikuwa mkubwa?”

“Sikumwona.”

“Basi alikuwa mkubwa.” Akaguna. “Joyce anatia pilipili hata kwenye mayai. Njoo uwanja wa ndege siku ya Alhamisi.”

Alirudi barafu ingalipo. Na kabla haijayeyuka yote, alasiri moja, Verna alisikia kitu kikigonga ngazi za kibarazani kama bati. Mlango ukafunguka. Orrin alikuwa amesimama na soksi, midomo ya buluu, na nyuma yake suruali ya mpira ilikuwa wima peke yake dhidi ya ukuta.

“Verna,” alisema, “nimeingia.”

Alimtukana juma zima. Nilikuwapo siku mojawapo, na sijasikia matusi yaliyopangwa vizuri kuliko yale. Orrin aliyasikiliza yote akiwa amesimama dirishani, akibadilisha mguu huu na huu, wakati sanduku likiwa limekaa juu ya kabati bila kuguswa.