Mama Pascasie na dawa ya baridi

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili, wakati volkano ilishuka. Hapana, nakosea. Mwaka ule moto ulipita katikati ya muji, na mama Pascasie alikimbia vizuri kabisa, na kichwa cha mashine ya kushona mugongoni. Ninaotaka kusema ni moto wa nyuma, wa elfu mbili makumi mbili na moja. Siku za moto huo hakuweza hata kusimama.

Pascasie alikuwa mushonaji wa Mabanga, mutaa wa Goma. Mimi kazi yangu ni kutembea, Kiwanja mpaka Goma, nyumba kwa nyumba, natengeneza mashine za kushona, na ya kwake niliijua hata kwa sauti. Aliishi na binti yake Niyigena, mujane, na wajukuu wawili wadogo.

Ugonjwa wake ulikuwa kichwa cha upande mumoja. Si kile ambacho mutu anakunywa kidonge, anaendelea na kazi. Kilianzia machoni: aliona mwangaza ukichezacheza pembeni kama moto wa mutu anayechomelea vyuma. Kisha upande wa kushoto unapiga, anatapika, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, kwa jirani inamushinda, na dirisha linafunikwa kitenge, pagne yake, mpaka kipite. Zamani, kwao Rutshuru, walimuumika: wakamuchanja kwenye panja, wakavuta damu kwa pembe ya ng'ombe. Alama ndogo nyeusi zilibaki. Kichwa nacho kilibaki.

Basi, watu walipoambiwa wahame muji, waende Sake, kichwa kilikuwa kimemukamata tangu alfajiri. Niyigena akatafuta chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Wakamulaza juu yake, kitambaa machoni, kijana mumoja akasukuma. Barabara imejaa watu, na kila jiwe linaingia ndani ya kichwa chake.

Baadaye aliniambia: "Muzee, moto sikuuogopa. Niliogopa kuwa gunia ya viazi. Siku ingine tukikimbia, nataka nikimbie kwa miguu yangu."

Neno hilo hakuliacha tena. Mudogo wake Damascène, anayeishi Ulaya, ndiye alimuambia kwamba kuna sindano ya kuzuia kichwa cha namna hiyo, na akapatana na dokta Bulonza, munganga wa kliniki moja ndogo, ili dawa iwe inapita Kigali. Siku ya kwanza nilimusindikiza mimi.

Dokta alimupima, akamuuliza mengi, kisha akasema taratibu: "Mama, dawa hii haiponyeshi. Inazuia. Utachomwa mara moja kwa mwezi. Kwa wagonjwa wengi siku za kichwa zinapungua, kwa wengine hata nusu. Na kuna wale ambao haiwasaidii kitu. Tujaribu miezi mitatu, tuone."

"Na ubaya wake, dokta?"

"Mahali pa sindano panaweza kuuma, pakawa pekundu. Unaweza kufunga choo. Tension yako, presha ya damu, tutaiangalia. Uso ukivimba au pumzi ikikata, unakuja palepale. Ni dawa mupya, mama. Ya miaka mingi mbele hatujayajua yote. Na mwanamuke mwenye mimba hatumupi."

Pascasie akacheka kidogo. "Mimba kwa umri huu wangu, dokta, ingetangazwa kwenye redio."

Mwezi wa kwanza haukubadilisha kitu. Wa pili, kidogo. Wa tatu ukapita, nikamukuta anashona iniforme za shule wakati jua kali linapiga mulangoni, na pagne ya dirisha ameishona gauni ya mujukuu. Kichwa kilikuwa bado kinakuja, lakini chepesi, kama mugeni anayejua hatakaribishwa kukaa. Tumbo lilimufunga kweli, akawa anakula papai kila siku.

Hapa kwetu mutu akitoka hospitali na vidonge tu, anasema hajatunzwa; sindano ndiyo dawa. Kwa hiyo jirani yake Marcelline, anayeuza thomson, wale samaki wa barafu, alimuonea wivu.

"Nichome na mimi kidogo," alisema. "Kichwa changu kinauma kila nikimuona baba Carlos."

"Ya kuzuia bwana haijatoka bado," Pascasie akamujibu. "Ikitoka nitakuitia."

Sindano zilikuwa zinakaa katika frigo ya kliniki. Lakini mwanzoni mwa elfu mbili makumi mbili na tano vita ilisogea Sake, barabara ya huko ikafungwa, na dokta Bulonza akaitwa Bukavu. Alimuachia Pascasie sindano mbili za mwisho katika karton zake, akiwa tayari anapanda pikipiki ya kwenda bandarini. "Baridi, mama," akasema. "Usisahau baridi."

Siku ileile umeme ukakatika. Pascasie hakungoja. Alivuka kwa Marcelline, ambaye alikuwa na frigo kubwa ya kugandisha na groupe, jenereta ya mazutu.

"Uniwekee hii mahali pa baridi zaidi."

"Nitaiweka chini kabisa, chini ya thomson wote. Hata vita ikifika hapa, itaikuta ingali baridi."

Nani angeona kosa hapo? Mabanga nzima inajua samaki wa chini ndio wanakaa wazima, na wa juu ndio wanaoza mbele. Waliitunza dawa kama tunavyotunza chakula, na walifanya kwa upendo.

Siku ya kuchoma ilipofika, sindano zilitoka ngumu kama mufupa. Zilipoyeyuka, maji yake yalionekana safi kabisa. Pascasie akamupigia dokta simu. Nilikuwa pale, natia mashine yake mafuta, na simu ilikuwa ya sauti kubwa.

"Iliganda?" dokta akauliza. "Usijichome, mama. Ikishaganda imeharibika, hata ukiiona safi."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na kama ningeiacha tu juu ya kabati?"

"Ndani ya karton yake, kwenye kivuli, siku chache ingevumilia."

"Asante, dokta."

Alirudisha sindano ndani ya karton zake. Marcelline alipokuja kuuliza, Pascasie alimuambia dawa ilikuwa imepita tarehe yake. Mimi nikainama kwenye mashine.

"Labda ile ya mwezi uliopita ingali ndani ya mwili," aliniambia nikiaga. Nami nikaenda Kiwanja.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Niyigena. Ile siku ya mungu, jumapili, risasi zilifika Majengo, mutaa wa karibu, na watu wakaanza kumiminika kuelekea mupaka wa Gisenyi, kule Rwanda. Pascasie alikuwa amelala, pagne ingine imefunika dirisha, ndoo kando ya kitanda.

"Mama, simama, twende."

"Chukua watoto."

"Nitatafuta chukudu."

"Leo ni nani atasukuma? Chukua watoto, Niyigena. Kikiniachia nitakuja kwa miguu yangu."

Niyigena alimuwekea maji, akamushika mukono, akaenda.

Aliporudi, muji umetulia na una wakubwa wengine. Mulango ulikuwa umefungwa bila kufuli. Kitanda kimetandikwa. Ndoo imeoshwa, imepinduliwa ikauke. Pagne imetolewa dirishani, imekunjwa juu ya mashine. Hapakuwa na damu, hapakuwa na kitu kilichovunjika, na viatu vyake havikuwepo. Marcelline alikuwa amelala chini ya kitanda pamoja na watoto wake siku zote zile, na hakusikia ila risasi. Hospitali Niyigena alizizunguka zote. Gisenyi hawakumuandika kati ya waliovuka.

Tangu hapo nimepita Sake, nimepita Kiwanja na vijiji vya barabarani, mpaka kwenye masale ya parokia, zile nyumba kubwa za mikutano, wanakolala waliokimbia. Nikimaliza kutengeneza mashine ya mutu, kabla sijafunga mufuko wangu, namuuliza yeye na walio karibu: mama mumoja mufupi, wa Goma, mwenye alama ndogo nyeusi hapa kwenye panja, alipita kwenu akitembea kwa miguu yake?