Kasoro Moja ya Pikipiki ya Baba

Baba alipofariki alituachia pikipiki iliyonizidi umri. Ilikaa barazani kwetu Kilibula, na kila aliyeingia ndani alijigonga goti. Mimi nilitaka iondoke. Mama naye alisema ameridhika iuzwe, lakini kila asubuhi, kabla hajashika fagio, aliipiga kiki, akaiacha ingurume kidogo, kisha akaizima na kwenda kuwasha jiko. Nilimuuliza kwa nini anachoma bensini bure. Alinijibu bila kugeuka.

"Baba yako alisemaka mashine isiyoamushwa inakufa."

Sikubishana naye. Kubishana na mama asubuhi ni kujinyima chai.

Mnunuzi alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye duka la vitenge Kavimvira, wa zile familia zilizofika ziwani na biashara tangu zama za babu zao. Alitaka pikipiki ya zamani kwa sababu za siku hizi, alisema, zimejaa vidude vinavyomshinda fundi. Alikunja kanzu, akachuchumaa. Alitoa sumaku ndogo mfukoni akaipitisha kwenye tanki, akitafuta matundu yaliyozibwa na kufunikwa kwa rangi. Ilinata kila mahali. Akalitikisa gurudumu la nyuma huku na huku, halikucheza. Akauvuta mnyororo, haukulegea. Akasugua tone la oili kati ya vidole, akanusa, akajipangusa. Nikaanza kufurahi kimoyomoyo. Kizuri chajiuza.

Kisha akaweka kiganja juu ya injini, uso ukamkunjamana.

"Iko na joto," alisema. "Mulishaiamusha mbele nifike."

Hapa kwetu kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Mashine iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo muuzaji mjanja huipasha mapema, mnunuzi akifika inaitika kwa kiki moja. Tayari machoni pake tulikuwa matapeli, barazani petu wenyewe. Niliona aibu, na hasira juu yake. Nilifungua kinywa nijitetee, mama akanitangulia.

"Minye ndiye niliiamusha, baba. Naiamushaka kila asubuyi."

"Basi kesho usiiamushe, mama. Nitarudia."

Kesho yake niliamshwa na ukimya. Nilimkuta mama kwenye kigoda kando ya pikipiki, fagio limelala chini, uwanja haujaguswa. Mikono yake alikuwa ameikalia, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nilimhurumia sana. Hata hivyo bado nilitaka iuzwe.

Mzee alifika jua likianza kuwa kali, sumaku yake tena mkononi. Aliweka kiganja kwenye injini, akaikuta baridi, akaitikia kwa kichwa, akapiga kiki mara moja. Ikawaka. Aliisikiliza akiwa ameinamisha sikio, akaufuata moshi kwa macho hadi ukaisha, ndipo akaizima.

"Mashine iko muzima," alisema. "Lakini sisi Waislamu hatushikane mukono mpaka mwenye kuuzisha ataje ubaya wa kitu yake. Mama, taja kasoro moja tu."

Nilidakia kwamba taa ya nyuma haiwaki. Mzee hakunitazama. Alikuwa akimngoja mama.

Nilidhani atataja breki, au kiti kilichochanika.

"Ilirudi kutoka Nyakabere bila bwana yangu," alisema. "Alianguka mu shamba ya muhogo, akafia pale pale. Jirani akaipanda, akakuja kutuambia. Minye niliisikia mu barabara, nikamumiminia bwana yangu chai yake."

Hilo la chai sikuwahi kulisikia. Siku ile nilikuwa kazini, na nilipofika nyumba ilikuwa imeshajaa watu. Nikaelewa ni sauti gani mama alikuwa akiitafuta kila asubuhi, nami nilikuwa nikimhesabia bensini.

Mzee aliitazama sumaku mkononi mwake. Akairudisha mfukoni.

"Nimesikia kasoro yake," alisema taratibu. "Nimekubali."

Akanyoosha mkono. Mama akampa wa kulia, wakashikana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kiti cha pikipiki, na mimi na mzee tukasimama tukingoja auondoe.