Mama Alivyomtoa Baba Sadaka

Baba yangu hajawahi kushindwa na Kwaresima. Kila Jumatano ya Majivu anatangaza mezani kitu alichokiacha kwa ajili ya Bwana, na kila mwaka ni kitu kisichomgusa. Mwaka mmoja aliacha bia, ambayo hajawahi kuionja. Mwingine aliacha nyama ya ng'ombe, wakati daktari alishamkataza kwa sababu ya miguu. Mwaka juzi, nikiwa nimerudi nyumbani Mpanda na kufungua kibanda changu cha kushona, aliacha soda. Mama alimtazama, akasema kweli kutoa ni moyo, ila kuna watu moyo wao wameufungia kabatini.

Kitu kimoja hakikuguswa: sauti yake. Ndiye anayeimba solo ya Pasaka kigangoni kwetu tangu sijazaliwa, kwa besi inayotikisa mabati. Sikukuu za Krismasi zikiisha tu, anaanza kuitunza hiyo sauti kama mwali. Maji ya baridi hanywi, vumbi likitimka anajifunika leso, na asali ya Inyonga anailamba asubuhi na jioni, sisi wengine tukiishia kuinusa. Mazoezi anafanyia uani. Jirani yetu, bibi mjane tunayetenganishwa naye na ua wa mabua tu, alikuwa akimpigia kelele kutoka upande wake kwamba kuku wameacha kutaga kwa hofu. Ugomvi wao ulikuwa wa miaka mingi, hauna chuki wala dalili ya kuisha.

Kwaresima hiyo bibi aliteleza kwenye matope, akavunjika mguu. Mpunga wake kule Mwamkulu ndiyo kwanza ulikuwa unatia maziwa, punje bado laini, na makundi ya ndege, kweleakwelea, yalishaingia. Mkulima wa mpunga anajua maana yake: lazima mtu ashinde shambani kutwa nzima akiwafukuza, la sivyo siku ya mavuno atavuna majani. Watoto wa bibi wako mbali, na ule mpunga ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka mzima.

Tulipokutana kusali jumuiya, mwenyekiti akauliza nani atakwenda kumwamia bibi ndege. Kila mtu akawa na lake: huyu ana shamba lake lenye ndege hao hao, yule ana mgonjwa. Baba alikuwa anazichunguza kucha zake. Mama akasimama, akakaza kanga.

"Mimi mwaka huu sijaacha kitu," akasema. "Abrahamu alikuwa tayari kumtoa mwanawe. Basi mimi namtoa mume wangu."

Watu walicheka hadi sala ikasimama. Baba naye alicheka, kisha akagundua kwamba mwenyekiti anamshukuru kwa dhati.

Alikwenda, ila na mbinu za kulinda koo. Alitundika makopo kwenye kamba, akawa anaivuta akiwa amekaa juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, leso shingoni. Ndege wakayazoea makopo. Nikarekodi sauti yake kwenye simu, tukaipiga kwa spika ya kibandani kwangu. Wakawa wanakula huku wanasikiliza. Siku nilipompelekea chakula nilimkuta ameduwaa mbele ya kona ya shamba iliyobaki makapi matupu. Nilimwonea huruma sana, maana nilijua anachokipima kichwani. Alifungua leso, akanipa nimshikie, akapiga ukelele uliowafanya watu barabarani washuke kwenye baiskeli. Ndege wote wakanyanyuka.

Hakunyamaza tena hadi punje zilipokomaa. Jioni alikuwa anarudi akinong'ona, na Mama, bila utani wowote, akampa asali yote iliyobaki. Haikusaidia, ingawa yeye alishikilia kwamba sauti itarudi yenyewe sikukuuni.

Asubuhi ya Pasaka alivaa joho lake. Kinanda kikaanza, akafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango unaohitaji mafuta. Akajaribu tena. Kinanda kikanyamaza, na kanisa zima likatazama chini. Mimi roho iliniuma hadi nikatamani kutoka nje.

Ndipo bibi, aliyeletwa kwa bajaji na kukalishwa benchi la mbele, alipojishikiza kwenye magongo, akasimama na kuianza ile solo. Sauti yake, Mungu anisamehe, ilipanda pasipopandwa na kushuka pasiposhukwa. Lakini maneno aliyajua yote, ubeti kwa ubeti, na hata pale Baba anapovuta pumzi naye alivuta. Miaka yote ile, huku akiwalilia kuku wake, alikuwa anasikiliza.

Baba humsahihisha kila anayekosea noti, hata padri. Siku hiyo alichezesha midomo pamoja naye hadi mwisho, machozi yakimtiririka, wala hakumsahihisha popote.