Dishi Lililokinga Mvua

Mimi ndiye niliyeligeuza dishi la Baba Zuhura likatazama juu moja kwa moja, ili likinge mvua. Nakiri mapema, maana hapa Newala wapo wanaosema hadi leo kwamba ni upepo. Mvua ya kwanza ilikuwa inanukia vumbini, na sisi wenye paa la nyasi tulikuwa bado tunafuata maji bondeni, tukipanda mlima na ndoo mpaka shingo inazama mabegani. Baba Zuhura, aliyetajirika wafanyabiashara waliporuhusiwa kununua korosho, alikuwa na paa la bati, tangi lenye kufuli, na dishi pana kama kitanda, limeinama kidogo tu. Nikalegeza nati, nikaliegemea. Mvua ilipokatika nilipata ndoo mbili za maji, nikamwambia Mama nimeyakinga shuleni. Akaniita mwanaume wa nyumba.

Mwanaume wa nyumba mwenyewe, Baba, alikuwa machimboni, kaskazini. Redio ilikuwa imesema shimo limeporomoka, na majina ya waliofukiwa yangesomwa jioni ileile kwenye televisheni. Mama akaenda uani kwa Baba Zuhura, ambako mtaa mzima ulitazamia televisheni, akakaa mkekani mbele kabisa, khanga mdomoni. Televisheni ikatoa chenga tupu, na mvumo kama korosho zinakaangwa. Baba Zuhura akaipiga makofi, akamlaumu fundi, kisha upepo. Wenzangu walicheka; siku nyingine ningewashinda kwa kicheko. Watu wakaondoka, Mama akabaki anazitazama chenga mpaka zikazimwa.

Sasa niko kidato cha tatu, na mwalimu wa fizikia amenieleza kosa langu vizuri kuliko fimbo yoyote. Ziko setilaiti zinazopita chini, zikikatiza ncha za dunia, zikipiga picha mawingu na mashamba, labda na mikorosho yetu. Ziko za katikati, zinazoonyesha meli njia. Ya televisheni iko mbali sana juu ya ikweta, inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu huonekana imesimama palepale. Ndiyo maana dishi hufungwa likiielekea, likaachwa. Siku hizi madishi yamefika hadi kijijini Mnyambe, madogo, hayakingi hata maji ya kunawa uso. Nikiyaona nawaza kwamba jioni ile jina la Baba lilifika Newala, likaanguka juu ya bati, juu ya nyasi, juu yangu mimi, na hapakuwa na wa kulipokea.

Tulilipata kesho yake, kwenye gazeti la dereva wa basi kutoka Masasi. Nikamweleza Mama kila kitu, nikasubiri kipigo. Akatazama njiani, majirani wameanza kuja na mikeka yao, kisha akasema:

"Hayo maji yako ya dishi yalete. Watu wa msiba watanawa na nini?"