Mgongo Wangu Kwenye Sinema

Siku hizi za ruksa, kila biashara ikiruhusiwa, mitumba imejaa sokoni Bunda na hata mlevi ana nguo nzima. Watu wakisikia kwamba niliwahi kucheza sinema, hunitazama usoni wakijaribu kukumbuka. Wanapoteza muda wao. Uso huu haukutokea hata mara moja.

Nilikuwa mcheza ngoma wa mstari wa nyuma katika kikundi cha utamaduni pale Musoma, miaka ile ya foleni, sabuni ikiwa adimu kuliko dhahabu ya Buhemba. Mstari wa mbele ulikuwa wa mabinti na wapwa wa wakubwa. Mmoja wao alicheza kama mtu aliyekanyaga siafu, lakini baba yake ndiye aliyetoa vibali vya sukari, kwa hiyo mwalimu wetu alimsifu kwa ubunifu. Sisi wa nyuma tulijua kucheza, na kazi yetu ilikuwa kuficha kwamba wao hawajui.

Mama yangu, kule kijijini kando ya ziwa, hakuikubali kazi hiyo. Niliondoka nyumbani asubuhi ya kupalilia mihogo, naye akawaambia akina mama wenzake wa kanisani kwamba binti yake amekwenda kumtingishia shetani mabega. Kwa hiyo wapiga picha walipokuja kutoka Dar es Salaam kutengeneza sinema ya nyimbo na ngoma za kuhimiza kilimo, nilimtumia salamu kwamba nitakuwamo. Siku atakaponiona kwenye kitambaa cheupe, nchi nzima ikiniona, atanyamaza. Niliutaka sana ukimya huo.

Tatizo likawa sare. Afisa utamaduni alipata kitenge cha kuwatosha wa mbele. Kilichobaki kilikuwa vipande. Akaamua, kwa busara ya ofisi yake, kwamba sisi tushonewe kitenge upande wa kifuani tu, na mgongoni tuwekewe magunia yaliyoleta mahindi ya njano ya msaada, maandishi na yote. Nikamuuliza itakuwaje tukionekana kwa nyuma.

"Wewe binti, kamera inakaaga mbele," alinijibu. "Nani anaangaliaga mgongo?"

Tukapelekwa Butiama, tukapangwa chini ya mawe makubwa. Mgeni rasmi na wakubwa wenzake walikaa mbele yetu, chini ya turubai. Mpiga picha alianza kutoka upande wao, akaona jua linamchoma machoni. Tena wakubwa walikuwa wamekwisha kumnong'oneza kwamba wangependa waonekane wakipiga makofi. Akabeba mashine yake, akazunguka, akaja kusimama nyuma yetu. Afisa utamaduni alimwona. Angemwambiaje mgeni rasmi kwamba asionekane? Tukacheza wimbo wote hivyo, tukiimba kwamba nchi hii inajilisha yenyewe, huku migongoni tumebeba jina la nchi iliyokuwa inatulisha.

Mimi bado nilikuwa na tumaini. Nilijiambia kwamba watakuwa wamebakiza kipande cha mwanzo, kile cha mbele. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gari la sinema lilipofika Nyasura, mama alikuja na wenzake wa kanisani juu ya lori la pamba, amevaa gauni lake la kwaya. Safari yote ile kwa ajili ya kuniona mimi. Niliketi chini pembeni yake. Giza lilipoingia sinema ikaanza. Likatokea turubai, wakatokea wakubwa wakipiga makofi kwa heshima zote, na mbele yao, ikijaza kitambaa kizima, migongo yetu, magunia yanatingishika pamoja na maandishi yake. Wale mabinti wa wakubwa hawakuonekana hata kisigino. Uwanja mzima uliangua kicheko, na kwa dakika moja hata mimi nilifurahi.

Kisha mwenzake mmoja akamuuliza mama kama mwanawe yumo. Nikainua mkono nionyeshe, lakini mama alikuwa amenitangulia.

"Yule wa mwisho, upande wa kushoto," alisema taratibu. "Mgongo wa mwanangu naujua. Ndio niliuonaga siku anaondoka nyumbani."

Hakucheka. Angecheka ningemshukuru. Nilikaza macho kwenye kitambaa, nikimsubiri yule msichana ageuke, mpaka wimbo ukaisha.