Mpogoa mizabibu anayedai nyumba mbili kila usiku

Mkasi wa Ilaisaane Moala unakata, na mdomo wake unaendesha gari.

“Hamelin Bay tumeshapita,” anatangaza kutoka kwenye safu yake, bila kuinua macho. “Miguu imelowa, picha zimepigwa, Kalolaine amepoteza kiatu. Sasa tunakwenda Pemberton. Nani ana njaa?”

Kutoka safu ya pili sauti ya kiume inajibu kwamba ina njaa tangu Augusta. Mwingine anauliza kama Pemberton kuna muhogo. Kicheko kinapita juu ya nyaya zenye umande, lakini mikasi haisimami, kwa sababu hapa mtu hulipwa kwa mizabibu aliyopogoa, si kwa saa alizocheka.

Ni Ijumaa ya mwisho ya Agosti katika shamba moja karibu na Margaret River. Mvua ya jana imeacha tope linalong'ang'ania buti. Wapogoaji tisa kutoka Tonga, wanawake watano na wanaume wanne, wanamaliza safu za mwisho za msimu. Leo mkataba unaisha. Baada ya siku kumi wanapanda ndege kurudi nyumbani, na katikati wana wiki moja ya mapumziko.

Wiki hiyo moja, Saane, kama wenzake wanavyomwita, ameipanga tangu Juni. Watashuka pwani hadi Windy Harbour, wavuke msitu hadi mji mdogo uitwao Denmark, walale kwenye mashamba ya mizabibu yanayopokea wageni, kisha waelekee mashariki hadi Bremer Bay na ufukwe wa Point Ann, ambako barabara ni ya changarawe na hufungwa mvua ikizidi. Huko, majira haya, nyangumi huja na watoto wao karibu kabisa na mchanga.

“Nyangumi tunao kwetu Vava'u, tena bure,” Kalolaine, mdogo wa kundi, anamkatisha. “Mimi niacheni Albany kwenye maduka ya viatu.”

“Utaachwa kweli,” Saane anamjibu, “na hicho kiatu chako kimoja.”

Kwa mtu mwingine wa huku, kupanga safari kama hii ni kazi ya jioni moja. Unatafuta nyumba kubwa yenye vitanda vya kutosha, unajaza mafuta, unaondoka. Kwa Saane imekuwa kazi ya majira yote ya baridi, kwa sababu kundi lake ni ukoo. Siosiua Taufa na Pisila Taufa ni kaka na dada wa tumbo moja. Kalolaine na waliobaki ni watoto wa ndugu, na kwa Watonga binamu ni kaka na dada vilevile. Saane ni shangazi wa wote.

Kaka na dada waliokwisha kukua hawalali chini ya paa moja. Hawatazami filamu ya mapenzi pamoja. Kaka hatanii habari za wachumba dada yake akiwa anasikia. Na dada ndiye mwenye cheo: chumba kizuri ni chake, kiti kizuri ni chake.

Kwa hiyo kila kituo kinahitaji nyumba mbili. Ndani ya gari nako kulikuwa na mpango wake: wanawake mbele, wanaume nyuma, Saane katikati kama ukuta, na redio mikononi mwake, maana wimbo mmoja wa mahaba unaweza kuwafanya watu wazima tisa watazame nje ya dirisha mpaka mji unaofuata.

Mwanzoni alikosea vibaya. Mpango wake wa kwanza ulianza Jumamosi, na kila mtu akausifu. Siku alipovitaja vituo kimoja kimoja kwa sauti pale shambani, ikaonekana kwamba Jumapili wangekuwa barabarani, wakinunua mafuta na kuogelea, siku ambayo Mtonga haendi popote isipokuwa kanisani na mezani. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha shangazi. Siosiua peke yake alikohoa, akauliza kama barabara ya kwenda motoni nayo ni ya changarawe.

“Nilicheka mpaka nikakata glavu,” Saane anasema. “Ndipo nikaanza upya. Kutoka Jumatatu, kurudi Jumamosi. Hakuna siku ya kupoteza.”

Saane ana miaka arobaini na sita. Ametoka Pangai, katika kisiwa cha Lifuka, alikomwacha mume, watoto watatu na nyumba ya matofali ambayo kila ukuta wake umetoka kwenye mizabibu hii. Huu ni msimu wake wa nane. Katika misimu hiyo yote, bahari ya huku ameiona kupitia dirisha la ndege tu.

Shamba analopogoa liko dakika ishirini kutoka ufukweni. Watu huvuka dunia kuja kutazama ufukwe huo, na mwanamke ambaye mikono yake imeufanya mvinyo wanaokunywa wakiutazama hajaloweka hata unyayo. Basi la kampuni linajua njia ya bwenini, ya shambani na ya dukani. Baharini hakuna mzabibu wa kupogoa, basi la kwenda huko la nini?

Lakini safari hii Saane hakuipanga kwa ajili yake. Ameipanga kwa ajili ya Siosiua.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, kampuni ya vibarua inayowaajiri ililiweka kundi zima katika nyumba moja yenye vyumba vinne. Saane alikwenda kwa msimamizi, Rhys Tarrant, akamweleza. Tarrant alisikiliza, akaahidi kulishughulikia, na hakulishughulikia. Usiku wa kwanza wanaume walibeba magodoro wakaenda kulala kwenye banda la zana.

Watatu kati yao walipata hifadhi kwa marafiki mjini. Siosiua hakuwa na rafiki mwenye nafasi. Alilala bandani, kati ya madumu ya dawa ya magugu na mashine ya kukata nyasi, mvua ikiingia chini ya mlango, mpaka katikati ya Agosti. Kila wiki kampuni ilikata dola mia moja na sitini kwenye mshahara wake, kodi ya kitanda ambacho hakuwahi kukilalia.

Homa ya mapafu ikamlaza hospitali. Wiki hiyohiyo banda likatiwa kufuli, kwa usalama, na nyumba ya pili ikapatikana. Haikujengwa. Haikukodishwa kutoka kwa mtu. Ilikuwa ya kampuni, iko barabara ileile, na ilikuwa tupu tangu Mei.

“Nilipoingia kuifagia,” Saane anasema, “nilikuta blanketi mpya, bado ziko kwenye karatasi zake. Nikakaa chini.”

Mwaka huu Siosiua amepogoa akikohoa. Ameambiwa kwamba mwakani asirudi, kwa kuwa kifua chake kinahatarisha afya yake. Kifua alikuja nacho kizima. Sasa waliokiharibu wanakihurumia, na huruma yao ni kumfukuza.

Ilipoulizwa, kampuni ilijibu kwamba malazi yake yote yanakidhi sheria. Ni kweli. Sheria huhesabu vitanda na vyoo, haiulizi nani ni dada wa nani. Lakini Saane aliwaambia kwa mdomo wake. Walijua, wakaona ni nafuu mtu alale na madumu ya sumu kuliko mmoja wao kwenda kufungua mlango.

Kwa hiyo Saane akaapa kwamba Siosiua hataondoka nchi hii akiwa ameona matope yake tu. Mwezi uliopita alimwomba Tarrant basi kwa wiki hiyo moja, naye akakubali.

Kisha Jumatano ya wiki hii Tarrant akaja shambani na alichokiita zawadi. Mkurugenzi ana nyumba ya mapumziko Bremer Bay, vitanda kumi, bahari mlangoni, bila malipo. Kampuni inataka picha za wafanyakazi wake wakifurahi pwani. Basi litawapeleka moja kwa moja, walale huko siku zote, wavae fulana za kampuni.

Saane alishukuru, akauliza nyumba ya pili iko wapi.

“Saane, rafiki yangu,” Tarrant alimwambia, kundi zima likisikia, “ninyi ni watu wazima. Mko Australia. Tundikeni pazia.”

Pisila aligeuza uso. Siosiua alitia mkasi mfukoni akaenda mpaka mwisho wa safu, akasimama huko akiutazama uzio. Kulitamka jambo hilo hadharani, kaka na dada wote wakiwapo, ni sawa na kumvua mtu nguo sokoni.

“Bosi,” Saane alimjibu, “maneno haya nilikuletea mwaka juzi, yakaishia hospitali. Nyumba mbili. La sivyo, hizo fulana avae mkurugenzi.”

Jioni ujumbe wa Tarrant ukaingia kwenye simu ya Saane. Basi lingekuwa kwenye matengenezo wiki nzima.

Wanawake walikuwa jikoni ujumbe uliposomwa. Muda si mrefu Siosiua akaja mpaka barazani kwao, akasimama nje ya mlango. Pisila alikuwa ndani akimenya viazi. Jambo la malazi hawawezi kulizungumza wao kwa wao, hivyo Saane alisimama mlangoni, akawa njia ya maneno yao, ingawa kila mmoja alikuwa anasikia vizuri sauti ya mwenzake.

“Shangazi, mwambie wanaume tumekubaliana,” Siosiua alisema. “Sisi tunabaki. Tarrant atawapa wanawake basi na hiyo nyumba. Waende wao, walete picha.”

Saane aligeuka kutazama jikoni. Hakuwa na haja ya kurudia.

“Mwambie,” Pisila alisema, kisu kikiwa kimesimama ndani ya kiazi, “mwaka juzi nililala kwenye blanketi tatu nikimsikia anakohoa bandani. Nikanyamaza, kwa sababu dada haendi kugonga mahali kaka yake amelala. Mwambie nilinyamaza mara moja ile, na inatosha. Asipokwenda, siendi. Na hiyo nyumba waipige picha na hivi viazi ndani badala yetu.”

Kisha Siosiua akamwomba shangazi aulize viazi vitaiva saa ngapi.

Jana Saane alishinda na simu sikioni kila alipopata mapumziko. Mchungaji wa kanisa lao Busselton ametoa gari la kwaya. Kalolaine ametoa kigari chake chekundu, alichokinunua kwa mwanafunzi mmoja, chenye mlango mmoja unaofunguka ukiupiga teke tu. Gari la kwaya ni kubwa na lina joto, hivyo ni la wanawake; cheo ni cheo. Wanaume wanne, ambao mwembamba wao ana kilo mia moja na kumi, watajipanga kwenye kigari. Redio kila gari lina yake.

“Tukifika Windy Harbour,” Kalolaine anasema, “tutawapogoa ndipo watoke.”

Kilichobaki kilikuwa malazi ya Denmark, ambako watalala siku mbili. Saane alimpigia Thea Marchetti, mjane mwenye shamba la mizabibu huko na nyumba ya wageni. Alijieleza kwa hofu ya mtu aliyekwisha kuchekwa: watu tisa, nyumba mbili tofauti, ya wanawake iwe nzuri zaidi. Akangoja kuulizwa kwa nini.

Bi Thea aliuliza kama wanakula samaki. Nyumba ya wageni ni ya wanawake, akasema, na kibanda cha wachumaji zabibu kina jiko la kuni, atamwambia mtu apasue kuni za kutosha. Hapo Saane akamwambia kwamba mmoja wa wanaume ana kifua kibaya. Bi Thea akasema basi kuni ziwe nyingi zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kilichoishinda kampuni yenye magari, ofisi na wanasheria kilimalizwa na mjane mmoja kwenye simu, maji ya chai yakichemka nyuma yake.

Asubuhi ya leo Tarrant amepita kusema basi limepona mapema, na kwamba ofa ya nyumba bado ipo. Saane amemwambia asante, wameshapata pa kulala. Tarrant, akirudi kwenye gari lake, amemwambia asichukulie mambo kibinafsi.

“Nikamuuliza, nichukulie kivipi?” Saane anasema. “Kikampuni?”

Adhuhuri safu ya mwisho imebaki na mizabibu michache. Wanakula wamesimama, migongo kwenye nguzo, na Saane anamalizia njia aliyoianza asubuhi: Alhamisi Point Ann mvua ikiruhusu, Ijumaa barabara ndefu ya kurudi. Kisha anataja kituo ambacho hakuwahi kukitaja.

Jumamosi adhuhuri amelipia meza ya watu tisa katika chumba cha kuonjea mvinyo cha shamba hilihili, kwa jina la Moala. Kwa miaka wamelijua jengo hilo kwa nyuma tu, upande wa bomba la kunawia na choo cha vibarua. Mwenye kupokea simu hakujua ni Moala gani. Aliuliza tu kama wangependa kukaa dirishani, na Saane akasema ndiyo.

Wanatazamana. Hakuna hata mmoja kati yao anayekunywa pombe. Wote ni Wawesley, Wamethodisti wa Tonga. Kalolaine anauliza wataonja nini huko, hewa?

“Mimi nitaagiza maji,” Siosiua anasema taratibu. Macho yake yako juu ya kilima, kwenye safu ambazo ameziacha safi, matawi mawili mawili yakiwa yamefungwa kwenye waya. “Kwenye ile glasi yao yenye mguu mrefu. Nitakaa niitazame hii mizabibu, bila mtu wa kunihimiza. Halafu yule binti anayehudumia mle ndani atakuja kuniuliza kama niko sawa. Huwa wanawauliza wageni. Nimewasikia.”

Anakohoa, anapangusa mdomo kwa mkono wa koti, anachukua mkasi wake.

“Atakuuliza,” Saane anamwambia. “Na akikuuliza, Siosiua, usimjibu kwamba uko sawa.”