Saa za Ndege Ndani ya Chandarua

Saa ya ndege ya Kijerumani haina mkanda. Ina uso mweusi, namba nyeupe na matundu manne ya skrubu zilizoishikilia mbele ya rubani. Zangu zilitoka kwenye ndege ndogo zilizoundwa Ujerumani, ambazo jeshi la Wareno lilizirusha wakati wa vita vya uhuru, kisha zikaachwa mbovu kwenye viwanja vya huko bara. Watu wa bara walizing'oa wakazihifadhi ndani bila kujua za kazi gani, mpaka wageni wa mradi wa gesi walipofika kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na mmoja wao, mhandisi, akaanza kuziulizia.

Nilizitengeneza ndani ya chandarua. Malori ya gesi yalipita mbele ya nyumba kutwa, na chembe ya vumbi inatosha kusimamisha saa. Nikashusha chandarua juu ya meza, nikaingia na bisibisi zangu. Nafungua, nasafisha kwa petroli, natia mafuta kwa ncha ya sindano. Rangi ya namba inayong'aa gizani sikuigusa. Unga wake ni sumu, na mhandisi aliitaka ileile ya zamani.

"Samaki hunaswa na watu," mama mkwe alisema uani, akipepeta mchele. "Wewe umejinasa mwenyewe."

Mhandisi akahamishiwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Akapiga simu: nimpelekee saa mwenyewe, nisimpe dereva. Wenzake nao walizitaka, na alikwishanipatia huko chumba cha kufungulia karakana, karibu na soko. Nilikitamani chumba kile hata nikapanga kichwani meza itakaa dirisha gani.

Sikuweza kuondoka. Waandikishaji walikuwa wamepita kuhesabu nyumba zitakazohamishwa kupisha mradi, wakapiga namba nyekundu ukutani. Walisema watarudi kuhakikisha, siku hawakuitaja, na mwenye nyumba asipokutwa hatalipwa. Mwenye nyumba waliandika mimi, kwa kuwa waliuliza mwanamume ni yupi. Basi nikakaa. Saa zote zilikuwa zimepona. Nazitia ufunguo, zinakwenda, mimi nipo palepale.

"Hizo zimezoea kuruka," mama mkwe akasema. "Fundi wao hafiki hata njia panda ya Awasse."

Waliporudi, ofisa aliuliza mwenye nyumba ni nani. Mama mkwe akaweka ungo chini, akanitazama. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mke, na nguo zake na vifaa vyake. Nyumba ile aliijenga mama mkwe na kaka zake. Ningesema ni mimi, ningeichukua mbele ya macho yake.

"Ni huyu mama," nikasema. "Mimi mkwe."

"Na wewe una nini hapa?"

"Meza na saa."

"Hivyo vinabebeka." Akalikata jina langu.

Nikaanza kuzifunga saa kwenye khanga. Mke wangu akaja akasimama kando ya meza.

"Unakwenda?"

"Sina tena cha kulinda hapa."

"Siku ya malipo wataleta makaratasi ya Kireno, mama aweke kidole. Nani atamsomea? Mimi? Kaka zangu? Humu ndani anayekisoma ni wewe tu."

"Malipo lini?"

"Hawakusema."

Mama mkwe alikuwa anasikia. Safari hii hakunitania.

Jioni mhandisi alipopiga kuuliza nafika lini, nilimwomba amwambie mwenye chumba ampangishe mtu mwingine.